Mparachichi hutoa taarifa miaka mitatu kabla

Parachichi la Hass halivunwi kwa kuvutwa. Anayeijua kazi hulilaza kwenye kiganja, akapitisha mkasi kwenye kikonyo, akaacha kipande kifupi juu ya tunda, kisha akalitia taratibu kwenye mfuko aliouvaa begani. Kucha zake ni fupi, pete kaiacha nyumbani. Ukilichomoa kwa mkono, kikonyo hung'oka chote na kuacha kidonda pale juu. Siku hiyo hakionekani kuwa na neno. Lakini wiki nne au tano baadaye, tunda likiwa limevuka bahari na kupangwa kwenye duka la Ulaya, ukungu ulioingilia pale unakuwa umeozesha shingo nzima, na mnunuzi anakata fedha ya mzigo, si ya tunda moja.

Niliwahi kusimama kando ya meza ya kuchambulia, mkoani Njombe, nikaona kreti baada ya kreti zikirudishwa kwa kosa hilo hilo. Rijekti, kama wanavyoyaita. Rijekti haliendi Ulaya. Linaenda kwenye mafuta, au sokoni kwa bei ya kutupa, au linabaki kwa mwenye shamba. Kijana aliyeyavuna hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa ameitwa asubuhi ile, akapewa maelekezo ya dakika kumi huku gari likiwa linanguruma, na mikasi ilikuwa michache kuliko wavunaji. Jioni alilipwa pungufu. Yeye akasema kampuni ni wezi, msimamizi akasema vijana wa huku hawataki kazi. Wote wawili walikuwa wakilaumu mahali pasipo.

Hiki ndicho kitendawili cha ajira vijijini, na si cha Njombe peke yake. Kazi zinaongezeka, watu wapo, na bado kazi nzuri zinachukuliwa na mtu aliyeshuka kwenye basi kutoka mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na karibu theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Ukisikia "kumwandaa kijana wa kijijini kwa ajira", kwa kawaida maana yake ni semina ya siku mbili, fulana yenye maandishi mgongoni, na hotuba ya kwamba asichague kazi. Tatizo halijawahi kuwa kuchagua kazi. Tuliangalie lilipo hasa, na tuanzie kwenye hilo hilo parachichi, kwa sababu linaonyesha mambo waziwazi kuliko zao jingine lolote la sasa.

Tunda moja, kazi nyingi

Kwanza tukubaliane kwamba kazi za kijijini si kulima tu. Mti wa Hass unapoingia kijijini, unaingia na mlolongo wa watu nyuma yake.

Wa kwanza ni mbebeshaji. Mbegu ya parachichi la kienyeji huoteshwa kwenye kiriba, na mche ukifikia unene wa penseli hukatwa, ukapasuliwa katikati, ukachomekwa kijiti kilichotoka kwenye mti mzuri wa Hass, halafu ukafungwa utepe wa plastiki usiingize maji. Kisu lazima kiwe kikali na kisafi, na mkono usitetemeke. Mwenye mkono mzuri, miche yake karibu yote hushika. Mwenye mkono mbaya anaua miche ya watu na kiangazi kinampa kisingizio. Kazi hii hulipwa kwa idadi ya miche, na haihitaji cheti cha kidato cha nne. Inahitaji kuketi na fundi msimu mzima.

Wa pili ni mtu wa mitego. Soko la China lilifunguliwa kwa makubaliano yaliyosainiwa Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing. Masoko ya namna hiyo hayanunui tunda tu, yananunua na daftari. Shamba lisajiliwe, mitego ya inzi wa matunda itundikwe, ikaguliwe kwa ratiba, idadi iandikwe, dawa iliyopigwa iandikwe pamoja na tarehe, ili wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) wakija wakute kumbukumbu, si maneno. Hapo kijiji kinahitaji mtu mwenye mwandiko unaosomeka na uaminifu wa kutojaza daftari zima usiku wa kuamkia ukaguzi. Mnacheka, lakini madaftari ya kalamu ya rangi moja na mwandiko wa siku moja mkaguzi huyajua kwa kuyatazama.

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu kazi yake inaonekana ya maabara na kumbe ni ya jikoni. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa, kisha huiva baada ya kuchumwa. Ukilichuma kabla halijakomaa haliivi kamwe, linanyauka na kuwa kama mpira wa tairi. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo hupimwa ukavu wake: unachukua nyama ya tunda, unaikwangua nyembamba, unapima gramu 10, unaikausha kwenye maikrowevu kidogo kidogo bila kuiunguza mpaka uzito uache kushuka, unapima tena. Zikibaki gramu 2.4, tunda lina asilimia 24. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass ni 21, na wanunuzi wengi wanataka 23 au zaidi. Vifaa ni mizani ndogo ya vito au ya keki, maikrowevu na daftari. Binti aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu kugawanya desimali anaweza kuifanya kazi hii kwa mafunzo ya siku chache, na neno lake linaamua kama malori yaingie shambani wiki hii au yasubiri mwezi. Nimeona ikifanywa na mtu aliyesafirishwa kutoka mkoa mwingine na kulipiwa gesti.

Baada ya hao wapo wavunaji, wachambuaji mezani, wapakiaji wanaojua maboksi yapangweje ili hewa ya baridi ipite, dereva, mtunza stoo, na mwisho kabisa fundi wa majokofu. Huyu wa mwisho ni adimu kama nini. Hass husafiri kwenye baridi ya nyuzi 5 au 6 hivi. Kontena la futi arobaini hubeba zaidi ya tani 20, na kutoka Njombe mpaka bandari ya Dar es Salaam ni kama kilomita 700 za milima na foleni. Kompresa, yaani pampu ya mtambo wa baridi, ikizima usiku kwenye mlima Kitonga na dereva asijue la kufanya, kinachofika bandarini ni hasara yenye lebo nzuri. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kwenda Ulaya ilikuwa ndefu zaidi, na kosa dogo la baridi likapata siku nyingi zaidi za kukua.

Taarifa ambayo hakuna aliyeisoma

Sasa tazama jambo hili. Mche wa Hass uliobebeshwa hupandwa leo, ukaanza kutoa matunda ya maana baada ya miaka mitatu hivi. Maana yake, siku lori la miche linapoteremsha mzigo kijijini, mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuhesabu: miche kiasi hiki, mwaka fulani itahitaji wavunaji kadhaa, wachambuaji kadhaa, wapimaji wawili, fundi baridi mmoja. Hakuna mwajiri mkweli kama mti. Anakwambia miaka mitatu kabla kwamba atakuajiri, na anakutajia hata kijiji.

Ujenzi hauko hivyo. Mgodi hauko hivyo. Ukija unakuja ghafla na watu wake. Lakini mazao ya miti, yaani parachichi, makadamia, chai, korosho, misonobari, yote hutoa notisi. Kozi ya ufundi ya miaka miwili inaingia ndani ya notisi hiyo na kubakiza mwaka wa mazoezi. Kwa hesabu hii, halmashauri iliyogawa miche ilipaswa siku ile ile kupeleka orodha kwenye chuo cha jirani. Badala yake, miche hugawiwa na idara ya kilimo, mafunzo yako wizara nyingine, vijana wako idara ya maendeleo ya jamii, na mnunuzi anatokea mwaka wa tatu akiwauliza wote: watu wako wapi?

Nikisema hili naulizwa, je, mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora haukufanya hivyo? Ule mpango wa Wizara ya Kilimo unaofahamika zaidi kwa herufi BBT, za jina lake la Kiingereza (Building a Better Tomorrow), ulichukua vijana zaidi ya 800 katika kundi la kwanza, 2023, ukawaweka kwenye vituo vya mafunzo kwa miezi kadhaa kabla ya kuwapeleka mashamba ya pamoja kama Chinangali, Dodoma. Wazo la kufundisha kwanza na kukabidhi shamba baadaye ni zuri. Ila pale kijana alihamishwa kufuata kazi. Ninachozungumzia hapa ni kazi inayomfuata kijana nyumbani kwao, na hiyo inahitaji hesabu ndogo zaidi, ya kata kwa kata, ambayo haipigiwi ngoma.

Ujuzi upo, karatasi haipo

Kuna upande wa pili wa tatizo, na huu hauhusu kufundisha kabisa.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianzishwa kwa sheria ya 2005 na kuanza kazi 2007. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na nguzo zimefika karibu kila kimoja. Kuunganishiwa umeme kijijini kumekuwa shilingi 27,000. Umeme ulipofika, kazi iliyozaliwa mara moja ni ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kila kijiji kilishakuwa na mtu wake: yule aliyekuwa akifunga sola, au aliyekuwa kibarua wa mkandarasi mjini na akarudi na koleo na tesita. Anajua kazi. Nyumba yangu mimi ilifungwa na mtu wa aina hiyo na mpaka leo taa zinawaka.

Lakini fomu ya kuomba umeme inataka mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kwa hiyo kinachotokea mara nyingi ni hiki: fundi wa kijijini anapanda darini siku tatu, anakula vumbi la popo, halafu fomu inapelekwa mjini kugongwa mhuri na mtu ambaye hajaiona hata picha ya nyumba. Mwenye mhuri anachukua chake. Fundi anabaki na kinachobaki, na kama nyumba ikiungua, hakuna anayejua nani aliikagua. Sheria iliwekwa kwa ajili ya usalama, ikaishia kuwa ushuru kwa asiye na cheti.

Dawa ya hili ipo na ina miaka kadhaa, ila watu wengi vijijini hawajawahi kuisikia. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hauanzi darasa la kwanza. Unajaza maombi, unahojiwa, unaonyesha kazi ulizowahi kufanya, unapewa kazi ya vitendo mbele ya mpimaji, kisha unaambiwa unajua nini na umepungukiwa nini. Pengo linafundishwa kwa muda mfupi, unapimwa, unapewa cheti cha ngazi uliyofikia. Waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli wamepita njia hiyo. Kwa fundi umeme, cheti hicho chenyewe si leseni, lakini ni ngazi ya kwanza ya kuiombea, kwa madaraja madogo yanayolingana na nyumba za kawaida.

Kikwazo ni umbali. Mpimaji yuko mjini, na fundi akienda mjini siku tatu amepoteza kazi ya siku tatu, nauli na chakula. Kwenye jambo hili sina upole: ni rahisi zaidi mpimaji mmoja kupanda gari kuja tarafani kuliko mafundi arobaini kwenda mkoani. Minada inahama, kliniki ya mama na mtoto inahama, hata chanjo ya ng'ombe inahama. Mtihani wa ufundi una uzito gani mpaka ushindwe kupanda Landcruiser?

Mufindi nako hali ni hiyo hiyo, ila kwa vumbi la mbao. Ukipita maeneo ya Mafinga utasikia mashine za ding-dong, zile za kupasulia mbao zilizoundwa kwa injini ya gari na msumeno wa duara. Wanaoziendesha ni hodari ajabu, na ni watu wa hatari ajabu pia. Hesabu vidole vyao uone. Msumeno mnene unakula gogo, na sehemu kubwa ya mti uliotunzwa miaka kumi na kitu inaondoka kama unga. Hapo ujuzi unaotakiwa si wa kuanza upya. Ni kunoa, kupanga gogo, kuweka kikinga, kukausha mbao zisipinde. Wiki chache za mtu anayejua zinatosha kubadili mapato ya mashine nzima, na mradi wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Finland ulionyesha kwamba wakulima wa miti wanaposhikwa mkono shambani kwao, husikia.

Kalenda ya chuo na kalenda ya mvua

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Mei. Januari na Februari ni palizi. Vyuo navyo hufungua Januari. Mwambie mama mwenye watoto watatu na ekari mbili za mahindi kwamba kozi inaanza Januari, bweni, miezi kumi na mbili mfululizo. Atakuitikia vizuri kwa heshima, na hutamwona tena.

Mfanyakazi wa kijijini hana kazi moja. Ana kazi tatu kwa mwaka: shamba lake, vibarua vya msimu, na biashara ndogo au ufundi wa kiangazi. Mafunzo yanayomfaa ni yale yanayokatwa vipande: wiki mbili Juni baada ya kuvuna, wiki mbili Septemba, na katikati anafanya kazi kwa alichojifunza. VETA ina kozi fupi. Kasoro yake ni kwamba nyingi hufundishwa mjini na nyingi hupangwa kwa urahisi wa mwalimu.

Hapa ndipo naona kuna hazina tuliyoisahau. Mwaka 1975 Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliochukuliwa Sweden, ambako watu wazima walikuwa na vyuo vyao vya kujifunzia bila kubanwa na mitihani. Vipo zaidi ya hamsini, na vilijengwa kwa makusudi vijijini au pembezoni mwa miji midogo: Rungemba kule Mufindi, Ulembwe kule Njombe, na vingine kila pande ya nchi. Vina mabweni, vina mashamba, vina karakana. Kwa miaka mingi mabati yake yalishika kutu huku tukijadili namna ya kufikisha mafunzo vijijini! Siku hizi vimekarabatiwa kiasi, na kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho vinapokea wasichana waliokatisha shule, pamoja na watoto wao, kwa kuwa na sehemu ya kulelea watoto.

Jambo hilo la watoto si la pembeni. Kwenye meza za kuchambulia parachichi wengi ni wanawake. Hao ndio wanaojua rangi ya ngozi, mkwaruzo wa tawi na alama ya mdudu. Msimamizi anapotafuta wa kumpandisha kuwa mkaguzi wa ubora, anamchukua mwanamume, kwa sababu mafunzo ya ukaguzi ni ya wiki nzima mjini na mwenye mtoto anayenyonya hawezi kwenda. Godoro moja na mlezi mmoja vingeondoa kikwazo hicho.

Serikali kwa upande wake inajenga. Kuna mpango wa vyuo 64 vya VETA ili wilaya zilizokuwa hazina chuo zipate. Mtaala mpya uliingiza mkondo wa amali sekondari kuanzia Januari 2024, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufika kidato cha nne akiwa na ufundi mkononi. Haya ni mambo makubwa na nayaunga mkono. Wasiwasi wangu ni mdogo lakini haunitoki: majengo yanafanana. Ukienda wilaya ya wavuvi, ya wachimbaji na ya parachichi, utakuta fani zile zile, umeme wa majumbani, ushonaji, uashi, udereva, kompyuta. Siku nitakayokuta chuo cha wilaya kinachofundisha kupima ukavu wa tunda au kutengeneza kompresa ya kontena, nitajua kuna mtu alitoka nje ya geti akatazama milima.

Nani analipa

Fedha ya mafunzo ya ufundi nchini inategemea sana tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa kwa kukokotoa mishahara. Iliwahi kuwa asilimia 6. Ikashushwa hatua kwa hatua, ikafika 3.5 mwaka wa fedha 2023/24. Waajiri waliipigia kelele miaka mingi kwamba ni mzigo, na walikuwa na hoja, maana kwa muda mrefu ni theluthi moja tu iliyokwenda VETA.

Lakini kuna kipengele wachache hukitaja. Sheria inawasamehe waajiri wa kilimo kwa wafanyakazi wa shambani moja kwa moja, ila si kwa wale wa utawala na kiwandani. Nia ilikuwa njema, kuwapunguzia wakulima gharama. Matokeo yake ni kwamba sekta inayoajiri watu wengi zaidi vijijini haina sauti kubwa mezani pale mitaala inapopangwa. Anayelipa ndiye anayeuliza fedha yangu imefanya nini. Mwenye kiwanda mjini anauliza. Mwenye shamba, ambaye hakulipa, analalamika tu akiwa kwenye gari lake.

Njia ya kati ipo nayo ni ya kizamani: uanagenzi. Kijana anakuwa kazini sehemu kubwa ya muda na chuoni sehemu ndogo, mwajiri akimlipa posho. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikiuendesha kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi, na hotelini umezaa matunda. Shambani bado ni mgumu, kwa sababu mwenye shamba anaogopa kumfundisha kijana kisha jirani amnyakue kwa shilingi elfu mbili zaidi kwa siku. Hofu hiyo ni ya kweli. Nimesikia wanunuzi wakubwa watatu katika wilaya moja, kila mmoja akijifundishia wavunaji wake kila msimu kuanzia moja, na kila mmoja akilia kwamba wenzake wanamwibia watu. Wakichanga kumlipa mwalimu mmoja, wizi huo unageuka kuwa soko la ajira.

Bei ikianguka je?

Mzee mmoja aliniuliza swali hili na halikuwa la mzaha. Alikuwa na historia yake. Alishaona pareto ikipanda na kushuka, akaona kahawa, akaona watu waking'oa miti na kupanda mingine. "Mnawafundisha watoto wetu parachichi. Na parachichi likifa?"

Jibu liko kwenye kuchagua nini cha kufundisha. Kumfundisha mtu kuvuna Hass tu ni kumfunga kwenye bei ya Hass. Lakini fundi wa baridi aliyejifunzia kwenye kontena la parachichi anatengeneza tanki la maziwa kesho yake, na Njombe maziwa yapo. Mtunza daftari la mitego anaweza kutunza daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mbebeshaji anabebesha maembe, machungwa, makadamia. Mpimaji wa ukavu wa tunda, ukimwongezea kipima unyevu, anapima mahindi ghalani kabla hayajaota sumukuvu. Tunda linaweza kupita na mkono ukabaki, ikiwa tu mkono ulifundishwa sababu na si ishara peke yake. Yule kijana wa kreti zilizorudishwa aliambiwa "kata hivi". Hakuna aliyemwambia kuhusu kidonda, ukungu na siku thelathini za baharini. Angeambiwa, asingehitaji msimamizi wa kumpigia kelele.

Liko pia suala la vifaa, ambalo huua mafunzo mazuri kimya kimya. Mtu anahitimu ubebeshaji bila kisu chake, ufundi umeme bila mita, uvunaji bila mkasi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, lakini inataka kikundi, katiba na andiko la mradi. Mkasi wa kuvunia hauhitaji andiko la mradi. Unahitaji kutolewa siku ya mwisho ya mafunzo pamoja na cheti, gharama yake ikiwa imo tayari ndani ya ada.

Kwa hiyo ukiwa mzazi, au kijana mwenyewe, na kuna tangazo la kozi limebandikwa kwenye mti pale ofisi ya kijiji, usianze kwa kuuliza ada. Waulize wenye chuo ni nani katika kata hii atakayeajiri fani hiyo na kuanzia lini, na wakutajie jina la shamba au kiwanda. Waulize saa ngapi kati ya kila saa kumi utashika kifaa mwenyewe. Waulize kama mpimaji wa VETA atakuja hapo au wewe ndiye utamfuata. Kisha panda kilima kilicho karibu uangalie miche iliyopandwa mvua zilizopita imefika wapi. Kama inakufika kiunoni, kozi ya mwaka mmoja bado inakutosha.